Injini Iliyopona Kwenye Karatasi

Asubuhi niliyoondoka kwetu Singida sikuwa na safari. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, baba alikuwa amechoka kunichapa, na lori la vitunguu lilikuwa limesimama kando ya barabara likizibwa pancha. Nilimsaidia utingo kuinua gurudumu. Nikamwuliza wanakwenda wapi, akasema Arusha, nikapanda. Hakuna sababu nyingine iliyofichika. Watu wakisimulia walivyoianza kazi husema waliitwa nayo. Mimi sikuitwa na mtu.

Arusha nilibeba saruji. Tanga nilikata katani mpaka vidole vikaota sugu. Same nilichimba jasi. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, halafu nikachoka nayo. Moshi nilifika kwa sababu lori lililofuata lilikuwa linakwenda Moshi. Nikapanga chumba Majengo, nyuma ya duka la mshona viatu, na kesho yake nikaingia kwenye gereji ya kwanza niliyoiona mlango wazi.

Siku ya kwanza walinipa ndoo ya dizeli na brashi, nioshe vipuri. Pembeni kulikuwa na pipa la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari. Wakati wa chai wenzangu walikwenda kwa mama ntilie, mimi nikabaki pale pipani, nachovya kidole, nasugua, natazama juani. Mkuu wa mafundi akanikuta. Jina lake lilikuwa Kileo, Mchaga wa Uru, mwembamba, kofia ya kitambaa haimtoki kichwani.

"We Singida, unatafuta nini humo? Samaki?"

"Shikamoo, mzee. Natafuta kwa nini hii inametameta na ile haimetameti."

Akachovya kidole cha kwake. "Inayometa, ujue ndani kuna kitu kinalika. Sasa swali si kwamba kinalika. Kila injini inalika. Swali ni kipi, na kwa kasi gani."

Kwa jibu hilo nimekaa Moshi maisha yangu yote. Mtu ambaye hakuwahi kumaliza miaka miwili mahali pamoja alifungwa na kidole kimoja cha oili.

Kila nilichokijua kabla ya mashine za maabara nilikijua kwa Mzee Kileo, na ninyi mnaobaki karakana mkijue pia, maana maabara iko mbali na injini iko mbele yenu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe laini, uliache litambae. Katikati pakiwa peusi kama wino na pembeni hapasambai, oili imechoka kubeba masizi. Dondosha tone kwenye bati la moto. Likipasuka-pasuka kama mafuta ya kukaangia yaliyoingia maji, basi maji yamo. Inuse, ikinuka dizeli, nozeli inavuja. Ichuje kwenye kitambaa, upitishe sumaku. Kinachonasa ni chuma, kimetoka kwenye silinda, ringi au gia. Kinachong'aa halafu sumaku inakikataa, hapo ndipo uanze kuogopa, maana ni shaba na risasi, na hizo zinatoka kwenye beringi zinazoshika krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Beringi hizo zikiisha, injini hainung'uniki muda mrefu.

Baadaye Mzee Kileo alichukuliwa na kampuni moja ya kutembeza watalii, akaenda na mimi, nikahamia chumba cha kampuni. Magari yalikuwa mazuri kwa nje, paa la kufunguka, viti vimefunikwa vitambaa vya kimasai. Ndani yalikuwa kama magari mengine yote yanayopanda vumbi la tambarare na kurudi kupanda mlima. Ndipo wakala wa ng'ambo anayetuletea wageni akatoa sharti. Kabla ya kila msimu, kila gari lipimwe oili maabara Dar es Salaam, majibu atumiwe yeye. Gari lisilo na majibu mazuri lisibebe mgeni wake.

Tukaletewa pampu ndogo ya mkono, mpira mwembamba na katoni ya vichupa. Madereva walicheka sana. "Meku," walimwambia Mzee Kileo, yaani mzee kwa Kichaga, "sasa mnayapima magari mkojo!" Na kusema kweli ndivyo ilivyo. Unaizungusha injini mpaka ipate moto, oili ichanganyike vizuri. Unazima. Unapitisha mpira pale unapotoa kijiti cha kupimia, mpaka katikati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, usiguse chini kwenye matope. Unavuta. Mpira ule hautumiki tena kwa gari jingine. Unaandika gari limetembea kiasi gani, na oili yenyewe imetembea kiasi gani tangu ibadilishwe. Hilo la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote, na ndilo watu wanaloliona la kujaza nafasi tu.

Kazi hiyo ya vichupa nilipewa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Niliipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Majibu yalikuja na hesabu ya kila madini, nami nikajifunza kuyasoma kwa kuuliza. Nilimpigia simu mama mmoja wa maabara mpaka akaizoea sauti yangu. "Ni wewe tena, baba?" anasema. "Haya, leo shaba imekufanya nini?"

Shaba ilinifanya mengi. Gari moja jipya lilileta shaba nyingi nikataka lisimamishwe siku hiyo hiyo. Mzee Kileo akanivuta shati. "Tulia. Chukua tena, halafu tena." Nikachukua. Ikawa inashuka. Kumbe ni kipoza oili kipya kilichokuwa kinaachia shaba yake kama sufuria mpya inavyoachia rangi, beringi zilikuwa nzima kabisa. Tangu hapo nimeshika kwamba chupa moja ni uvumi. Chupa tatu zinazopanda mfululizo ni ushahidi.

Gari tulilokuwa tunaliita Bibi lilileta chupa tatu zinazopanda mfululizo.

Bibi alikuwa mkongwe kuliko magari yote pale, na dereva wake alikuwa Eliamani, kijana wa Machame, mwimba sauti ya nne kwaya ya Kilutheri, mtaratibu mpaka unamwonea huruma. Madereva wengine walibadilishana magari kama mashati. Yeye alikaa na Bibi. Chupa ya kwanza ilionyesha vumbi kwenye oili. Nikakagua nikakuta mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye kisafisha hewa, una ufa kwa chini, mahali jicho halifiki. Tukauziba. Lakini vumbi likishaingia ni msasa, limeshafanya kazi yake. Chupa ya pili, risasi juu. Ya tatu, risasi na shaba zote juu. Ilikuwa Novemba inaisha.

Asiyekaa Kilimanjaro hajui Desemba ni nini kwetu. Wachaga wote wa Dar, wa Mwanza, wa kila mahali, wanapanda nyumbani kwa Krismasi. Barabara ya mlimani inajaa magari, kila mji una mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Na wageni wa ng'ambo nao wanataka kuwa mlimani mwaka unapogeuka. Hakuna kampuni inayosimamisha gari Desemba. Gari likilala Desemba, ni kama shamba lililolala wakati wa mvua.

Nikaenda kwa Meneja, mtoto wa mwenye kampuni, kijana mwenye tabasamu la haraka.

"Bibi asitoke. Afunguliwe chini, abadilishwe beringi, Januari arudi kazini."

"Una uhakika?"

"Chupa tatu."

"Basi tuchukue ya nne, tuwe na uhakika wa kutosha. Sawa, mzee wangu?" Hapo hapo akakumbuka kwamba kuna filta zimefika Arusha, nizifuate mimi mwenyewe, maana wengine huleta zisizofaa.

Nikaenda Arusha. Filta hazikuwa tayari, nikalala huko. Niliporudi, chupa ya nne ilikuwa imekwishasafirishwa Dar. "Nimekusaidia," alisema Mzee Kileo bila kunitazama. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Majibu yalikuja mazuri kama ya mtoto mchanga. Risasi hakuna. Shaba hakuna. Meneja aliyashika juu kama picha ya harusi. "Singida, umeona? Injini imepona!"

Injini haiponi. Chuma kilicholika hakirudi. Nilisoma karatasi tena, nikaona na masizi hayapo, na uzito wa oili ni wa oili inayotoka koponi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku ileile unapoimimina. Hii ilikuwa haijakaa ndani ya injini hata muda wa kunywa chai. Nikarudi kwa Mzee Kileo.

"Mzee, mliimwaga oili kabla ya kuchukua sampuli."

"Meneja alitaka gari lifanyiwe sevisi."

"Na kwenye kichupa uliandika oili imetembea kiasi gani?"

Akavaa kofia yake vizuri. "Mwanangu, nimebakiza miezi michache hapa. Niache nitoke vizuri."

Mtu aliyenifundisha kwamba oili mpya haina la kusema, ndiye aliyeimimina.

Nilimweleza Meneja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniambia nina wivu na gari. Nikamweleza Eliamani. Yeye hakucheka. Alikwenda ofisini kuomba gari jingine, akaambiwa magari yote yana madereva, kama hataki Bibi aweke funguo mezani, wako wengi wanaozitaka. Alirudi karakana akakaa kwenye tairi.

"Mzee wangu, niweke funguo?"

"Ungekuwa mwanangu ningekuambia weka."

"Ungekuwa baba yangu ungejua mke wangu ana mimba ya miezi minane." Akasimama. "Nitampeleka polepole. Bibi ananijua."

Injini ikanoki njia ya kupanda geti la mlima, juu ya mashamba ya kahawa, siku barabara imejaa magari ya waliokuja Krismasi. Eliamani anasema taa ya oili na mlio vilikuja pamoja, akazima pale pale. Namwamini. Wageni walishushwa, wakapiga picha migomba wakisubiri gari jingine, na watu waliovaa nguo za sikukuu wakasimama kando ya barabara kutoa ushauri. Mmoja alimshauri atie maji. Daima yupo mmoja.

Januari tukaitwa kwenye kikao. Meneja, afisa utumishi, Mzee Kileo kama mkuu wa karakana, mimi, na Eliamani kwenye kiti cha peke yake. Shitaka lilikuwa kwamba aliendesha gari wakati taa ya oili inawaka mpaka akaua injini. Na kama kampuni ingesema hivyo kwa maandishi, asingepata usukani tena Moshi wala Arusha, kwa maana kwenye utalii watu wote wanajuana na kila ofisi inapiga simu kwa ofisi aliyotoka mtu. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Kila aliyekuwa chumbani alilijua.

Meneja akaweka majibu ya chupa ya nne. "Maabara inasema injini ilikuwa nzima. Wiki chache baadaye imekufa. Nani alikuwa anaiendesha?"

Nilisema yote niliyoyajua. Chupa tatu, oili mpya, masizi yasiyokuwepo. Nilikuwa nimekuja na filta ya Bibi ndani ya gazeti. Nikaikata kwa msumeno mbele yao, nikaikunjua karatasi yake kama kinanda cha akordioni. Iling'aa yote, shaba na risasi, ungedhani imepakwa rangi ya dhahabu.

Afisa utumishi alisogeza kiti. Meneja hakusogea.

"Injini ikishanoki, mzee, ulitegemea ndani ya filta ukute nini? Asali?"

Na alikuwa sahihi. Ningekuwa upande wake ningeuliza vilevile. Injini inayokufa inatapika kila kitu saa ile ile, na filta haiwezi kusema hiki nilikimeza Novemba na hiki juzi. Ujuzi wangu wote uliishia hapo, kwenye gazeti lililolowa oili.

Likabaki neno la mtu mmoja. Nikamgeukia.

"Mzee Kileo. Shikamoo tena. Oili ilimwagwa kabla ya sampuli, au haikumwagwa?"

Alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia, kumbe kichwa chake kilikuwa kidogo sana. Akaikunja mara mbili juu ya goti.

"Sampuli nilichukua kama inavyochukuliwa," alisema.

"Sikuuliza ilivyochukuliwa, mzee."

"Nimeshajibu."

Eliamani akaingilia, tena kwa upole. "Mzee Singida aliniambia kabla kwamba injini ni mbovu. Nikaomba gari jingine nikanyimwa."

Meneja akageuka kwake kwa tabasamu lile la haraka. "Kumbe ulijua ni mbovu na ukapakia wageni?"

Hapo nilielewa kwamba hakukuwa na njia ya kutoka mle. Kama injini ilikuwa nzima, ameiua. Kama ilikuwa mbovu, amehatarisha watu. Barua ya kufukuzwa aliyopewa ilisema yote mawili, na hakuna aliyeona kwamba moja linalikana jingine.

Mzee Kileo alistaafu mwezi uliofuata. Walimchinjia mbuzi, wakampa blanketi, na Meneja akamsifu kwa uaminifu wake. Nilikwenda kwake Uru mara moja tu, baada ya sherehe. Alikuwa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, anakatia ng'ombe majani ya mgomba. Mkewe alinipa mbege kwenye kibuyu.

"Ulitaka niseme nini?" aliniuliza kabla sijakaa. "Binti yangu yuko pale ofisini, kwenye kiti kinachotazamana na Meneja. Ningesema, tungetoka wawili siku moja."

"Eliamani naye alitoka na wawili, mke na mtoto. Mtoto alikuwa bado hajazaliwa tu."

Nilikunywa mbege nusu, nikamshukuru mama, nikashuka kwa miguu mpaka barabara kubwa. Sikumchukia, na hilo ndilo linaloniuma. Kila mara ninapochovya kidole kwenye oili ni kidole chake kinachochovya.

Nilikataa kuweka jina langu kwenye kichupa chochote ambacho sijakivuta mwenyewe. Meneja aliona ni kiburi, akamtafuta kijana wa ofisini wa kuvuta, na pampu ikahamia kabati la kule. Mimi nikarudishwa kwenye ndoo ya dizeli na brashi. Nimeosha vipuri mpaka nikafikisha umri. Mtaniuliza kwa nini sikuondoka, mimi niliyeondoka kila mahali. Nilijaribu. Gereji nilizozijua zilisema umri, na chumba nilichokaa kilikuwa cha kampuni. Mtu akizeeka anatembea mpaka mlangoni, anakumbuka magoti, anarudi.

Kwa hiyo ninyi mnaovuta sampuli sasa, msikilizeni mtu ambaye hana tena cha kupoteza pale. Vuta kwa mkono wako. Ukikuta oili imebadilishwa bila taarifa, andika kwa kalamu nzito juu ya kichupa: oili mpya, haifai. Mpigie simu mtu wa maabara mwenyewe, umwambie hivyo kwa mdomo. Mkubwa akikutuma Arusha ghafla, nenda na kichupa mfukoni kikiwa kimekwishajaa. Na msije mkadhani kwamba ukweli ukionekana kwenye hadubini basi umeshinda. Hadubini haiketi kwenye kikao.

Siku yangu ya mwisho walinipa saa ya ukutani, nikawapa ufunguo wa chumba. Sikuwa na ukuta wa kuitundika. Niliifunga kwenye begi pamoja na mashati, nikatoka getini asubuhi, nikasimama. Kulia ni stendi na mabasi ya kila upande. Niliyatazama, nikaona sina hamu na upande wowote. Nilikuwa nimesikia Eliamani yuko Mabogini, anakodisha pampu ya maji na trekta dogo la kulimia majaruba ya mpunga. Nikamwambia wa bodaboda anishushe huko.

Nilimkuta ukingoni mwa mfereji, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini, pampu inaguruma kando yake. Alikuwa amenenepa shingo kama watu wanaobeba vitu. Mtoto wa kike alikaa kwenye kivuli cha mgomba akinitazama, kavaa sare za shule. Ndiye aliyekuwa tumboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimestaafu."

"Nimesikia." Alitazama begi. "Unakwenda Singida?"

"Singida hawanijui."

Alifuta mikono kwenye suruali, bila haraka. Mimi nilikuwa nasikiliza pampu. Sikukusudia. Masikio yangu hayajui kukaa tu. Chini ya muungurumo palikuwa na kitu kidogo kinachogonga, mara kipo, mara hakipo.

Eliamani aliniona ninavyosikiliza. Uso wake ukafungika.

"Chumba kipo," alisema. "Cha nyuma, mke wangu alikuwa anaweka mpunga, atautoa. Utakaa utakavyo, kodi tutaongea. Lakini mzee wangu, nakuomba kitu kimoja."

"Sema."

"Oili ya pampu yangu usiiguse. Hata kwa kidole. Sitaki kujua."

Nilimwambia sitaigusa. Akanipokea begi, akatangulia kunionyesha njia, na mimi nikamfuata huku kile kitu kikigonga nyuma yetu.